Mbili Kila Mwezi

Siku yangu ya tatu kazini niliomba ufunguo wa friji ya stoo ya dawa. Mtunza stoo alinitazama kama mtu aliyeombwa ufunguo wa chumba chake cha kulala.

"Friji imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Nataka kuhesabu kilichomo."

"Kilichomo kimeandikwa."

"Ndiyo maana nataka kukihesabu."

Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Hospitali nzima ilimwita Mzee Bakaa, kwa sababu ukimuuliza habari za asubuhi angeweza kukujibu kwa kukutajia bakaa ya glovu. Mimi nilikuwa katibu mpya wa hospitali, mwenye shahada ya utawala wa huduma za afya, na sikuwa nimepewa jina bado. Baadaye waliniita Bi Rula, maana nilipiga mistari ya daftari kwa rula hata pale ambapo mistari ilikuwepo.

Ndani ya friji, nyuma ya chanjo, nilikuta vichupa vinne vya sindano ya anti-D. Kazi ya sindano hiyo ni rahisi kueleza. Mama mwenye damu hasi akizaa mtoto mwenye damu chanya, mwili wake unaweza kujifunza kuiona damu ya mtoto kama adui. Mtoto huyo aliyezaliwa hadhuriki. Wanaodhurika ni wa pili, wa tatu na wote wanaofuata, ambao mwili wa mama huwashambulia wakiwa tumboni. Sindano moja, ikichomwa ndani ya saa sabini na mbili baada ya kujifungua, huuzuia mwili kujifunza. Ni dawa ya mtoto ambaye mimba yake haijatungwa.

Leja ilionyesha kwamba sindano hizo zilitumika mbili kila mwezi, mwaka mzima, bila kupanda wala kushuka. Kitabu cha wodi ya wazazi kilikuwa na wanawake watatu tu.

"Mzee, leja inasema zimetumika ishirini na nne."

"Ndiyo."

"Wodi wamechoma tatu."

"Ndiyo."

"Ishirini na moja ziko wapi?"

"Hazijawahi kuwepo." Alinisogezea kiti. "Kaa, mwanangu. Ukiomba sita kwa robo mwaka, ghala kuu linakuletea mbili. Ukiomba mbili, hawakuletei kitu, wanasema hawa hawana haja. Sasa mimi naandika mbili kila mwezi. Mwaka mzima nimeletewa nane. Tatu zimechomwa, nne hizo unaziona, moja nimemwazima mwenzangu wa hospitali ya ng'ambo ya mto. Jumla nane. Hesabu yangu haina tundu."

"Umemwazima kwa hati gani?"

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo!"

"Mdomo wangu haujawahi kupotea kwenye faili."

Nilimwambia kwamba fomu inauliza kilichotumika, na alichoandika hakikutumika.

"Fomu haina mahali pa kuandika 'itahitajika'," alisema. "Asiyekuwepo na lake halipo. Dawa nayo ni hivyo hivyo. Usipoitaja, wanaisahau."

"Huo ni uongo, mzee."

"Ni uongo," alikubali, wala hakuona haya. "Lakini fungua friji."

Niliandika ripoti ya kurasa tatu. Hakuna neno lolote ndani yake ambalo halikuwa kweli. Mzee Bakaa aliambiwa amalizie miezi yake nyumbani, na soda za kumuaga hazikununuliwa. Robo mwaka iliyofuata nilijaza fomu mwenyewe. Kwenye mstari wa anti-D niliandika sifuri, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyechomwa. Kliniki iliwapeleka wajawazito wenye damu hasi kujifungulia hospitali kuu, na ni wachache tu waliotuzukia kwa dharura. Robo iliyofuata pia ilikuwa sifuri. Vile vichupa vinne vilipitwa na muda, tukaviteketeza mbele ya kamati ya watu watano, na wote tukatia sahihi.

Mwaka huo hospitali yetu ilishika nafasi ya kwanza mkoani kwa usahihi wa taarifa. Nilipewa cheti. Niliombwa pia nitoe pendekezo la kuboresha mfumo, nikapendekeza hivi: kompyuta iweke alama nyekundu kwenye dawa yoyote ambayo matumizi yake yanafanana miezi mitatu mfululizo. Matumizi ya kweli hayatembei kwa mwendo wa gwaride. Pendekezo lilikubaliwa mwezi huohuo.

Kisha ikaja barua fupi. Kwa kuwa dawa na vifaa kumi na vinne havikuwa vimetumika kwa robo mbili mfululizo, vimeondolewa kwenye orodha ya hospitali yetu. Anti-D ilikuwa namba tisa, katikati ya nyuzi za kushonea na dawa ya macho. Nilitia sahihi ya kupokea nikaiweka kwenye faili lake. Sikuona tatizo. Orodha fupi ni rahisi kusimamia.

Mdogo wangu alikuwa bado hajaolewa wakati huo.

Aliolewa miezi miwili baadaye, na fundi wa majokofu, mtu mpole anayepima kila kitu kabla ya kukigusa. Alipopata mimba, kliniki ilimkuta na damu ya kundi O hasi, ikamwandikia kujifungulia hospitali kuu, mwendo wa saa sita kwa basi. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Lakini uchungu ulimwanza mwezi mzima kabla ya siku yake, na Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alizaa mtoto wa kike katika wodi yetu, ghorofa moja chini ya ofisi yangu.

Nilishuka kumwona. Alikuwa amechoka lakini mdomo haukuwa umechoka.

"Dada, mtoto ana pua yako. Tutamsamehe."

"Hongera. Unaendeleaje?"

"Huyu ni kipa," alisema, akimfunika vizuri. "Bado kumi."

Mumewe, aliyesimama karibu na dirisha, alicheka. Utani huo wa timu ya mpira walikuwa nao tangu uchumba, ingawa niliwahi kumsikia mdogo wangu akisema, pasipo mzaha, kwamba wanne wangemtosha. Sisi tulizaliwa wawili tu, na yeye alilalamikia jambo hilo utoto wake wote.

Saa nane mchana mkunga alipanda ofisini kwangu. Hakuwa na kawaida ya kupanda ngazi.

"Bi Rula, majibu ya mtoto yametoka. Damu yake chanya. Nimeenda famasi kuchukua anti-D, mfamasia ananiambia nije kwako."

Tulikwenda wote. Mfamasia, kijana aliyeajiriwa baada ya Mzee Bakaa, aliandika jina la dawa kwenye kompyuta na kutugeuzia kioo.

"Haipo."

"Imeisha?" niliuliza.

"Hapana, haijaisha. Iliyoisha inaonyesha sifuri. Hii haipo kabisa. Mstari wake haupo."

Nilirudi ofisini nikalitoa lile faili. Ili dawa irudishwe kwenye orodha, hospitali inajaza fomu ya maombi na kuambatanisha uthibitisho wa matumizi ya miezi sita iliyopita. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Haikuwa na kosa la uandishi.

Nilipiga simu ghala kuu.

"Mko kwenye orodha?" aliuliza karani.

"Hapana."

"Basi siwezi kuwatolea, hata kama ipo."

"Ipo?"

"Mama, siwezi kukuambia kama ipo. Hamko kwenye orodha."

Hospitali kuu walikuwa hawana kwa wiki ya pili. Kati ya maduka mawili ya dawa ya mjini, moja hawakuwahi kuisikia, na la pili wangeweza kuagiza ifike baada ya siku nane za kazi. Ijumaa asubuhi nilipiga simu hospitali nyingine tano, nikiandika jina, saa na jibu katika jedwali. Kufikia adhuhuri jedwali lilikuwa nadhifu, na majibu yote yalikuwa neno lilelile.

Saa kumi na moja jioni nilikwenda nyumbani kwa Mzee Bakaa.

Alikuwa amefungua duka dogo la vifaa vya shule. Kila rafu ilikuwa na kadi yake: zilizoingia, zilizotoka, bakaa. Aliponiona alishusha miwani.

"Karibu, Bi Rula. Umekuja kuhesabu kalamu?"

"Nimekuja kuomba msaada, mzee."

Nilimweleza. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye lile neno la mfamasia, kwamba mstari haupo, alitikisa kichwa polepole. Nilingoja aniambie nilichostahili kuambiwa. Hakukisema.

"Umepiga simu ng'ambo ya mto?"

"Nimepiga. Wamesema hawana."

"Ulizungumza na nani?"

"Katibu wao."

"Katibu atajuaje!" Alichukua simu yake ya vitufe. Mazungumzo yake na mtunza stoo mwenzake hayakufika dakika moja, na nusu yake ilikuwa kuulizana habari za magoti. Akakata. "Ipo moja. Anaificha nyuma ya chanjo. Mtume mtu sasa hivi, kwa pikipiki ni mwendo wa saa mbili."

"Nitaandaa barua ya maombi."

"Barua ya nini? Mwambie anayekwenda aseme ametumwa na Bakaa. Basi."

"Akiitoa bila barua ataulizwa kesho. Wewe uliulizwa."

"Mimi niliulizwa na wewe," alisema, kwa sauti ya mtu anayerekebisha tarehe.

Nilimwambia kwamba muda ulikuwapo. Saa sabini na mbili zingekwisha Jumapili saa nne na dakika ishirini. Barua ingesainiwa Jumamosi asubuhi, na sindano ingefika Jumamosi jioni, ikiwa imebaki akiba ya saa kumi na tano na zaidi. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo njiani.

Mzee Bakaa alivaa miwani yake tena. "Haya. Wewe ndiye mwenye rula."

Daktari mkuu alirudi kutoka semina Jumamosi saa nne asubuhi. Alisaini saa tano na dakika kumi, kwa kuwa ufunguo wa sanduku la mhuri alikuwa nao karani ambaye Jumamosi haji. Saa tano na nusu shemeji yangu aliondoka na barua mfukoni na sanduku la baridi begani. Nilitaka kumweleza kwamba dawa haitakiwi kuganda wala kupata joto, lazima iwe kati ya nyuzi mbili na nane. Alininyamazisha kwa upole.

"Shemeji, baridi niachie mimi. Wewe fanya maombi."

Alirudi saa kumi kasoro dakika kumi. Aliweka sanduku juu ya meza yangu, akalifungua, akanionyesha kipimajoto kilichofungwa kwa uzi ndani yake.

"Nyuzi nne," alisema. "Nimepima njiani mara tatu, kwenda na kurudi. Nyuzi nne kamili."

Vifurushi vya barafu vilikuwa vimepangwa pembeni, vimefunikwa kwa kitambaa ili visiguse kitu. Katikati hapakuwa na kitu cha kugusa.

"Wamemchoma mama mmoja leo saa tatu asubuhi," alisema. "Mtoto wake wa kwanza. Yule mzee alikuwa karibu kulia. Aliniambia alikesha akisubiri mtu wa Bakaa mpaka saa nne usiku." Akafunga sanduku. "Barua ameipokea. Amesema imeandikwa vizuri."

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na haibadiliki. Kama shemeji angeondoka Ijumaa jioni na jina la Bakaa mdomoni, mdogo wangu angechomwa kabla ya usiku wa manane, na yule mama wa ng'ambo ya mto angekosa. Sindano moja, wanawake wawili. Hakuna njia ya kuipanga ikatoka sawa. Na yeye pia ana dada, pengine.

Jumapili asubuhi nilikuwa wodini. Saa nne ilipofika mdogo wangu alikuwa ananyonyesha.

"Mbona unatazama saa kama mtu anayengoja basi?"

Nilimwambia. Nilimpa takwimu, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Kati ya wanawake mia moja wa aina yake wasiochomwa, miili ya kama kumi na sita hujifunza. Sindano ingeweza kutolewa kwa kuchelewa mpaka siku ya kumi, kwa faida inayopungua kila siku, na nilikuwa bado naitafuta.

"Kwa hiyo themanini na nne wako salama?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona unanitazama kama maiti? Hesabu ulinifundisha wewe mwenyewe, dada. Themanini na nne ni nyingi."

Saa nne na dakika ishirini ilipita. Mtoto alicheua kidogo. Shemeji, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, alinyoosha mkono akaishusha saa ya ukutani kutoka kwenye msumari na kuilaza kifudifudi juu ya kabati. Muuguzi wa zamu alimwona, akaiacha hivyo hivyo.

Siku ya kumi ilipita nayo. Lile duka la dawa lilinipigia simu siku ya kumi na mbili, kunijulisha kwamba mzigo umekwama njiani.

Katika miezi iliyofuata niliandika barua tatu kwa mamlaka husika, nikipendekeza fomu iongezwe safu moja tu: iliyohitajika ikakosekana. Nilijibiwa mara tatu kwamba barua yangu imepokelewa. Jibu la tatu lilikuja pamoja na barua nyingine, ya kunipandisha cheo: nilihamishiwa ofisi ya mkoa, kitengo cha takwimu, kusimamia usahihi wa taarifa za hospitali zote ishirini na mbili. Mama alipika siku hiyo. Mdogo wangu alikuja na mtoto, ambaye sasa alikuwa anakaa mwenyewe na kurusha vijiko.

"Bosi mzima," alinitania. "Tutakuwa tunapanga foleni kukusalimia."

Wiki hiyohiyo alipimwa, kama utaratibu unavyotaka baada ya miezi sita. Majibu alinisomea kwa simu, herufi kwa herufi, kwa sababu hakujua kulitamka lile neno la maabara. Mimi nilikuwa nalijua. Mwili wake ulikuwa umejifunza.

Haikumaanisha kwamba hawezi kushika mimba. Ilimaanisha kwamba kila mimba ingehitaji vipimo kila baada ya wiki mbili, na huenda mtoto kuongezewa damu akiwa tumboni, na kwamba hospitali ya karibu inayofanya hivyo iko nchi nyingine. Nilimweleza hayo kwa mpangilio huo.

Nilimsikia mtoto akigonga kitu.

"Basi," alisema, "tutacheza na kipa tu."

Ofisi ya mkoa nina kompyuta mbili na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mwezi wa pili kazini nilifungua taarifa za hospitali ndogo moja ya mpakani, nikaona alama nyekundu. Anti-D: mbili, mbili, mbili. Wanawake wanaojifungua pale ni kama thelathini kwa mwezi, na wenye damu hasi hawawezi kuwa wawili kila mwezi. Nilijua mara moja nilichokuwa nakitazama. Nilijua pia kwamba ndani ya friji fulani, nyuma ya chanjo, palikuwa na kichupa.

Nilijaribu kuiondoa ile alama. Kompyuta ilinijibu kwamba haiwezi kuondolewa na msimamizi. Namba isipobadilishwa au kuelezewa ndani ya siku kumi na nne, itapelekwa kwa mkaguzi. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kipengele cha nne.

Nikapiga simu.

"Stoo hapa. Nani mwenzangu?"

Ilikuwa sauti ya mzee.

"Napiga kutoka ofisi ya mkoa, kitengo cha takwimu. Nakupigia kuhusu sindano za anti-D. Umeandika mbili kila mwezi."

Sauti ikabadilika, ikawa ya kizimbani. "Ndiyo, mheshimiwa. Nimekosea, mheshimiwa."

"Hapana, nisikilize. Sitaki uache. Nataka usiandike namba moja kila mara. Mwezi huu weka moja, mwezi ujao tatu, halafu..."

"Nimeshaelewa, mama."

"Hujaelewa. Nakuomba uendelee kuandika."

"Mama, mimi ni mtu mzima, nimebakiza mwaka na nusu. Tulisikia yule mwenzetu alivyopelekwa nyumbani bila hata soda. Ndivyo mnavyoanza, mnatega kwa maneno matamu."

"Sikutegi, mzee. Ni mimi niliyem..."

"Narekebisha sasa hivi. Ahsanteni kwa kutukumbusha."

"Usirekebishe!"

Alikuwa amekwisha kata. Nilipiga tena mara nne. Simu ilikuwa inatumika, kisha ikawa haipatikani. Nilimpigia katibu wao, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mzee yuko kwenye kompyuta muda huu na anashughulikia.

Baada ya dakika saba namba zilibadilika mbele ya macho yangu, moja baada ya nyingine, kutoka mwezi wa kwanza kushuka chini: sifuri, sifuri, sifuri. Alama nyekundu ikazimika. Juu ya ukurasa, kwa maandishi ya kijani, mfumo ukaandika kwamba taarifa ni sahihi.